Uchochezi, mgomo na bumu lililochelewa: mwanafunzi anayepinga amesimama wapi kisheria

Bumu, yaani pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa mwanafunzi, likichelewa, mambo katika vyuo vya Mbeya na Iringa hufuata njia inayojulikana. Huanza foleni kwa afisa mikopo, zikafuata kelele kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kisha tangazo la kukutana uwanjani saa kumi jioni. Kesho yake ubao wa matangazo unabeba karatasi nyingine, safari hii ya uongozi wa chuo, ikionya kwamba wanaoeneza uchochezi watachukuliwa hatua kali za kisheria na kinidhamu.

Onyo hilo linafunga katika kitita kimoja vitu vitatu ambavyo sheria inaviweka mbalimbali: kosa la jinai linaloamuliwa na hakimu, mkusanyiko unaosimamiwa na polisi, na nidhamu inayoamuliwa na kamati ya chuo. Kila kimoja kina kipimo chake, muda wake na mlango wake wa rufaa. Mwanafunzi huogopa cha kwanza, akajikwaa kwenye cha pili, na kinachomwondoa chuoni ni cha tatu.

Kosa lenyewe

Uchochezi ni kosa tulilorithi kutoka kwa Waingereza, na Tanganyika liliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu. Ukali wake unaonekana katika rufaa ya Wallace-Johnson kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, iliyoamuliwa London mwaka 1940: mahakama ilisema upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba maneno yalihimiza vurugu. Nia ya kuwafanya watu waichukie serikali ilitosha. Makosa ya maneno yalikuwa silaha ya kila siku ya wakoloni. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 1958 kwa kuwakashifu maafisa wawili wa wilaya katika gazeti la TANU, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa.

Baada ya uhuru kosa halikufa. Mwaka 1976 lilihamishiwa Sheria ya Magazeti, na 2016 likaingia Sheria ya Huduma za Habari, vifungu vya 52 na 53. Jina la sheria hiyo huwapoteza watu, wakadhani inawahusu waandishi wa habari peke yao. Kifungu cha 53 kinamgusa yeyote anayetamka, kuchapisha, kuuza au kusambaza, awe na kitambulisho cha uandishi au hana. Adhabu iliyopitishwa 2016 kwa kosa la kwanza ilikuwa faini kati ya shilingi milioni 5 na milioni 10, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Bunge liliirekebisha sheria hiyo 2023 na kuondoa kashfa kama kosa la jinai, lakini uchochezi ukabaki. Anayetaka adhabu ya leo asome toleo lenye marekebisho hayo.

Kifungu cha 52 kinataja nia ambazo ni za uchochezi: kuifanya mamlaka halali ya Serikali ichukiwe au idharauliwe, kuwahimiza watu wabadili mambo yaliyowekwa kisheria kwa njia zisizo halali, kuudharaulisha mfumo wa utoaji haki, kuleta manung'uniko miongoni mwa wananchi, na kupandikiza uhasama kati ya makundi ya watu. Hilo la kuhimiza njia zisizo halali linaeleweka kwa mtu yeyote. Lakini manung'uniko hupimwaje? Mkutano wowote wa wanafunzi kuhusu bumu unaleta manung'uniko. Ndiyo kazi yake. Halafu sheria inaongeza kwamba mtu huhesabiwa kuwa amekusudia matokeo ambayo kwa kawaida hufuata tendo lake, kwa hiyo kusema "sikuwa na nia hiyo" hakutoshi.

Kinga ipo humo humo, ila wanaoonywa ni nadra kuambiwa. Kifungu kinasema si uchochezi kuonyesha kwamba Serikali imepotoshwa au imekosea, wala kutaja kasoro katika sheria au utawala kwa lengo la kurekebishwa, wala kuwashawishi watu watafute mabadiliko kwa njia halali. Katika mashauri ya aina hii mzozo mkubwa huwa hapo. Samson Mwigamba, Absalom Kibanda na Theophil Makunga walishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa uchochezi kutokana na makala ya Novemba 2011 katika gazeti la Tanzania Daima, waraka ulioelekezwa kwa askari. Hata makala hiyo, iliyoongea na watu wenye bunduki, haikutosha: Januari 2014 wote watatu waliachiwa huru.

Juu ya sheria zote hizo iko Katiba. Ibara ya 18, kama ilivyorekebishwa 2005, inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kuyaeleza. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama, amani na haki za wengine. Mpaka wenyewe nao una masharti, na Mahakama ya Rufani iliyaweka katika shauri la Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993: sheria inayobana haki isiwe ya kumpa mtu madaraka ya kuamua apendavyo, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali. Kwa kipimo hicho, kosa linalosimama juu ya hisia za wasikilizaji lina kazi ngumu ya kujitetea. Mahakama ya Afrika Mashariki iliona hivyo Machi 28, 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, ikasema vifungu vya 52 na 53, pamoja na vingine, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kenya ililifuta kosa hili mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalitupa 2010, na Uingereza, lilikozaliwa, Bunge lilipitisha kulifuta 2009.

India ndiko uchochezi na wanafunzi vilikogongana hadharani. Februari 2016 rais wa serikali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi, Kanhaiya Kumar, alikamatwa kwa kosa hilo kwa sababu ya kaulimbiu zilizopigwa katika mkusanyiko chuoni. Aliachiwa kwa dhamana mwezi uliofuata. Ajabu ni kwamba Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeshasema mwaka 1962 kwamba uchochezi ni pale tu maneno yanapohimiza vurugu au yana mwelekeo wa kuvunja amani. Mwaka 1995 ikawaachia huru watu waliopiga kaulimbiu mara chache mbele ya umma na hakuna aliyeitikia. Sheria ilikuwa wazi miaka 20 kabla, na bado kijana alilala mahabusu. Mei 2022 mahakama hiyo ikasimamisha matumizi ya kifungu chenyewe.

Tangazo moja, sentensi tano

Tuchukue tangazo la kubuni, la aina inayosambaa kila muhula:

*"Wanachuo, hii ni wiki ya tano hatujaona bumu. Menejimenti inatudanganya. Tukutane uwanja wa mpira Jumatatu saa kumi. Hatuingii darasani mpaka pesa isome. Afisa mikopo akileta jeuri tutamfuata hadi kwake."*

Sentensi ya kwanza ni taarifa. Ikiwa kweli ni wiki ya tano, hakuna kosa. Ikiwa ni ya tatu na aliyeandika anajua, amefungua mlango wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ambacho adhabu yake huanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu. Kifungu hicho kinataka mambo mawili yathibitishwe, kwamba mtu alijua taarifa ni ya uongo na kwamba alikusudia kupotosha, kutukana, kutisha na kadhalika. Ndiyo maana picha ya taarifa ya akaunti inayoonyesha siku ya malipo ya mwisho ina thamani kuliko aya tatu za hasira. Itunze kabla ya kutuma.

Ya pili ni tuhuma. Menejimenti ya chuo si Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na kuisema si rahisi kugeuka uchochezi hata kwa anayetaka. Inaweza kuleta dai la kashfa, na karibu hakika italeta barua ya nidhamu. "Tangazo la uongozi lilisema pesa itaingia Ijumaa, haijaingia" linabeba ujumbe ule ule bila kumwita mtu mwongo.

Ya tatu ni wito wa mkusanyiko, tutaurudia. Ya nne ni mgomo. Kuacha kuingia darasani si jinai, lakini haki ya kugoma iliyo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya wafanyakazi, na mwanafunzi si mfanyakazi. Sheria ndogo za vyuo vingi zinahesabu mgomo kuwa kosa kubwa la nidhamu, na kuhamasisha huwa kosa zito kuliko kushiriki.

Sentensi ya tano imeharibu zote. Kutishia kumdhuru mtu ni kosa chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo hakuna mjadala wa uhuru wa maoni. "Tutamfuata hadi kwake" mwandishi anaweza kuwa alimaanisha kwenda kugonga mlango na kuuliza, lakini mpelelezi atasoma vingine, na ataisoma kwanza hiyo. Aliyeituma mbele kwenye makundi mengine naye amesambaza. Wengi wanaoitwa polisi kwa "uchochezi" wameponzwa na sentensi ya namna hii iliyochomekwa mwishoni saa sita za usiku.

Mashtaka yanayokuja kweli

Ukitazama kesi za Nyanda za Juu Kusini, uchochezi wenyewe hauonekani sana kwenye hati za mashtaka. Februari 2018 Mahakama ya Hakimu Mkazi Mbeya ilimfunga aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, miezi mitano kwa lugha ya fedheha dhidi ya Rais aliyoitoa kwenye mkutano wa hadhara. Julai 2024 kijana msanii wa Rungwe aliyejirekodi akichoma picha ya Rais alihukumiwa faini ya shilingi milioni 5 au jela miaka miwili, na kilichotumika kilikuwa makosa ya mtandao; watu wakachangishana, faini ikalipwa. Mwezi uliofuata polisi walipiga marufuku mkusanyiko wa vijana wa Chadema uliopangwa Mbeya, na mamia wakakamatwa.

Kwa wanafunzi linalokuja kwanza ni mkusanyiko usio halali, kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu. Idadi inayotosha ni watu watatu, wenye lengo la pamoja, wanaojiweka kwa namna inayowafanya walio jirani wahofie uvunjifu wa amani. Fimbo mkononi, tairi linalowaka, geti lililofungwa kwa minyororo, hivyo ndivyo vinavyougeuza umati kuwa kosa.

Uhaini, kifungu cha 39, uko mbali kabisa na haya yote kwa maana ya sheria, ila si kwa maana ya matumizi: baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 mamia ya watu, wengi wao vijana, walishtakiwa kwa kosa hilo. Tofauti kubwa kwa aliyeko mahabusu ni kwamba uchochezi una dhamana, uhaini hauna.

Saa 48

Zamani maandamano yalihitaji kibali. Jaji Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, alilivunja sharti hilo kwa kuwa linakiuka Katiba, na sheria ikabadilishwa kuwa taarifa. Tofauti ni kubwa: anayetoa taarifa haombi. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi impate afisa wa polisi msimamizi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Kwa mkutano wa Jumatatu saa kumi jioni, mwisho ni Jumamosi saa kumi jioni. Anayeipeleka Jumapili baada ya ibada amechelewa, na hilo pekee linatosha kuuzuia.

Peleka nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa, saa na jina la aliyepokea. Taja njia kwa majina: kutoka Iyunga kufuata barabara kuu hadi Mafiati, kwa mfano, na kuishia hapo. Taja idadi ya wasimamizi. Polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, na wakizuia, waandaaji wanaweza kukata rufaa kwa Waziri kwa maandishi. Kwa muda uliopo rufaa hiyo haitaokoa Jumatatu, lakini karatasi yenye mhuri itafaa sana baadaye kwa kamati ya nidhamu na kwa hakimu.

Baraza la wanafunzi linalokutana ukumbini ndani ya chuo, kwa kufuata katiba yao, si maandamano. Hatari huanza getini. Mkutano ukiisha na watu wakatoka pamoja kuelekea barabarani wakiimba, aliyeuitisha ataulizwa kama alikuwa na taarifa ya hilo pia.

Ukishikwa

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama hilo haliwezekani na kosa si zito, aachiwe kwa dhamana ya polisi. Ana haki ya kuambiwa kosa, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne. Ukiongezwa, uongezwe kwa utaratibu. (Namba za vifungu zimesogea katika toleo la sheria la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo usibishane na mpelelezi kwa namba ulizozikariri.)

Kinachowaponza vijana hapa ni maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa. Mwanafunzi anaona anaeleza malalamiko yake. Karatasi inaandika kwamba alikiri kuhamasisha. Unaweza kukaa kimya. Ukiamua kueleza, soma kabla ya kusaini, kila ukurasa, na sahihisha kisichokuwa chako. Simu ikichukuliwa, dai risiti inayoitaja kwa aina yake na namba zake.

Dhamana nayo ina kazi. Kwa kawaida wanatakiwa wadhamini wawili wenye barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha taifa. Mwanafunzi wa Mbeya ambaye wazazi wako Makete au Mbozi anaweza kukaa ndani siku mbili zaidi kwa kukosa barua hizo tu. Serikali ya wanafunzi iliyo makini inakuwa na orodha ya watu walio tayari kabla mambo hayajachafuka.

Barua ya chuo

Silaha iliyotumika zaidi dhidi ya wanafunzi wa nchi hii tangu uhuru ni kufukuzwa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao, na Nyerere akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Machi 1978 waliandamana tena kupinga marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Haikuhitajika hati ya mashtaka.

Leo inahitajika zaidi ya hasira ya mkubwa. Shauri la madai lililotokea hapa hapa, Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, ndilo ambalo mawakili nchi nzima hulitaja: mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kusikilizwa ni haki ya kikatiba, chini ya ibara ya 13(6)(a). Kwa kamati ya nidhamu maana yake ni barua ya tuhuma inayotaja kanuni iliyovunjwa, siku, mahali na tendo. Muda wa kutosha wa kujibu. Nafasi ya kuona ushahidi, hata kama ni picha ya skrini. Na uamuzi wenye sababu. "Ulionekana ukihamasisha" si tuhuma. Ulionekana na nani, ukisema nini?

Vyuo huanguka mahakamani kwa mambo madogo yanayojirudia. Mshauri wa wanafunzi anaandika malalamiko, anakaa kwenye kamati, kisha anasaini barua ya adhabu. Au kumi na mbili wanasikilizwa kwa pamoja dakika arobaini. Kusimamishwa kwa muda wakati wa uchunguzi kunageuka adhabu pale ambapo uchunguzi hauna mwisho, mitihani inapita na mkopo unasimama.

Mwanafunzi naye hushindwa kwa kuchelewa. Kwanza amalize rufaa za ndani, kwa maandishi, ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni za chuo. Akienda Mahakama Kuu, iwe Mbeya au Iringa, kuomba mapitio, yaani mahakama ipime kama uamuzi wa chuo ulifuata sheria, maombi ya ruhusa yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Akipata ruhusa ana siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Wengi hupoteza miezi minne wakimtafuta mbunge awaombee. Kwa chuo binafsi wakili ataangalia kwanza kama njia ni mapitio au dai la kawaida la mkataba. Shauri la kikatiba ni safari nyingine, na tangu marekebisho ya 2020 anayelifungua lazima aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika.

Kwa shule za sekondari mambo ni mafupi. Kanuni za 2002 zinasema kiboko hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, si zaidi ya vinne, na huandikwa katika kitabu. Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa mwenyewe wanafunzi 14 wa sekondari ya Kiwanja, Chunya, baada ya mabweni kuungua. Kuchoma bweni ni jinai, na njia yake ni polisi na mahakama. Mkuu wa mkoa hayumo katika kanuni hizo, hata pale mtoto anapokuwa na hatia. Mzazi anayeitwa shuleni baada ya mgomo wa chakula, kabla ya kubishana na mtu, aombe kuona kitabu cha adhabu: tarehe, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa na sahihi ya mkuu.